Deni la Mkoloni Lisidaiwe kwa Mkimbizi



Barabara kuu itokayo Singida kuelekea Igunga na Nzega hufika Sekenke, wilayani Iramba, na hapo huteremka mlima mkali hadi Shelui na uwanda wa Wembere. Dereva wa gari kubwa aendaye Rusumo au Kobero anaujua vyema mlima huo. Shehena za Rwanda na Burundi zishushwazo katika bandari ya Dar es Salaam hupita hapo usiku na mchana, na watoto wa shule wa kandokando ya barabara huzizoea namba za magari ya kigeni kabla hawajaweza kuzionyesha nchi hizo katika ramani.

Iramba haina kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo si ajabu mtu wa Sekenke akidhani kuwa ubishi juu ya wakimbizi, ambao kila baada ya miaka michache huzuka upya magazetini, bungeni na vijiweni, ni ubishi wa Kigoma, Kagera, Katavi na Tabora peke yao. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kuwa Sekenke imo ndani ya ubishi huo tangu mwanzo wake, na kuwa historia ya mlima huo yaweza kutusaidia kuukata kwa haki.

Ubishi wenyewe ni huu. Upande mmoja husema: Tanzania imewabeba wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, misitu imekatwa, bunduki zimevuka mpaka, vijiji vya mpakani vimeporwa, na isitoshe, walioyavuruga maisha ya Rwanda na Burundi ni wakoloni wa Kizungu, basi na wawachukue wao. Upande wa pili husema: mipaka hii ni ya mkoloni, Mrundi na Mtanzania ni ndugu, na kumfungia mlango ndugu ni aibu kwa taifa lililoongoza ukombozi wa Afrika. Pande zote mbili huita historia kuwa shahidi. Hapana budi basi shahidi huyo asikilizwe mpaka mwisho, badala ya kukatishwa pale anapompendeza aliyemwita.

DHAHABU YA SEKENKE

Wajerumani waligundua dhahabu Sekenke katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, wakafungua mgodi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa ni moja ya migodi ya kwanza ya dhahabu katika koloni lao la Afrika Mashariki. Kama ilivyokuwa katika mashamba na ujenzi wa reli, kodi ilikuwa chombo kikubwa cha kumtoa mtu shambani kwake: ilidaiwa kwa rupia, na rupia ilipatikana kwa kumtumikia aliyeidai.

Vita ilipokuja, meli za Uingereza ziliizingira pwani, na serikali ya kikoloni ikatindikiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, dhahabu ya Sekenke ilipigwa chapa ikawa sarafu za rupia 15. Upande mmoja wa sarafu ile alichorwa tembo mbele ya mlima, na upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilitengenezwa sarafu zaidi ya 16,000. Leo hii hununuliwa na wakusanyaji katika minada ya Ulaya kwa bei ambayo mchimbaji mdogo wa Sekenke asingeipata kwa jasho la miezi mingi.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo. Hapo ndipo kisa cha dhahabu kinapokutana na kisa cha mkimbizi. Wakati Sekenke ilipoanza kuchimbwa, Iramba, Urundi na Ruanda zote zilihesabiwa kuwa sehemu za koloni moja la Ujerumani. Baada ya vita washindi waligawana. Kwa mapatano ya mwaka 1919 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Ruanda na Urundi zilikwenda kwa Mbelgiji, na sehemu kubwa ya koloni lililobaki, Sekenke ikiwa ndani yake, ikaenda kwa Mwingereza na kuitwa Tanganyika. Baadaye Shirikisho la Mataifa likauthibitisha mgawanyo huo. Hakuna mtu wa Iramba aliyeulizwa, wala wa Gitega, wala wa Kibondo.

Yafaa isisitizwe kuwa Mjerumani hakuunda undugu wowote alipowaweka watu hao chini ya bendera moja, aliwatawala tu. Lakini ni kweli pia kuwa mpaka unaomfanya mmoja kuwa mwenyeji na mwingine kuwa mkimbizi ulikubaliwa Ulaya, na watu ambao hawakuwa na kaburi la babu upande wowote wa mpaka huo.

WALIOFANYA NA WALIOTENDEWA

Mbelgiji alipoingia Ruanda na Urundi alitawala kwa kupitia wafalme na machifu, na akawapanga watu kwa makabila kuliko walivyokuwa wamepangwa kabla yake. Machifu wa Kihutu waliondolewa, nafasi za shule na za ukarani zikaelekezwa zaidi kwa Watutsi, na nchini Ruanda katika miaka ya 1930 kila mtu mzima akapewa kitambulisho kilichoandikwa kabila lake. Jambo lililokuwa na namna ya kubadilika katika maisha likawa halibadiliki katika karatasi. Mwaka 1959, Mbelgiji akiwa bado mtawala, nyumba zilichomwa moto Ruanda, na wakimbizi wa kwanza wakavuka kuingia Tanganyika, Uganda, Urundi na Kongo. Watu hao walikimbia kabla ya Ruanda kuwa na serikali huru ya kulaumiwa.

Hata hivyo, historia haikomi hapo, na mwalimu wa kweli haikatishi hapo. Mwaka 1972 aliyewaua Wahutu kwa maelfu mengi nchini Burundi, akiwatafuta hasa waliosoma, wakiwemo walimu na watumishi wa serikali, ni utawala wa Micombero, Mrundi katika nchi huru. Waliomuua Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 ni askari wa jeshi la nchi yake. Waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 walikuwa na majina, vyeo na ofisi, na baadhi yao walihukumiwa Arusha katika mahakama ya Umoja wa Mataifa. Mkoloni alitayarisha shamba. Waliopanda na kuvuna damu ni wengine. Kumtwisha mkoloni yote ni kumpunguzia muuaji hatia yake, na kumwachia huru mkoloni kwa sababu muuaji amepatikana ni kosa la namna ile ile.

MLANGO ULIOFUNGULIWA NA KUFUNGWA

Tanzania ilifanya nini? Ilipokea. Wakimbizi wa mwaka 1972 walipewa ardhi katika Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; katika makazi yale methali hiyo ilitekelezwa kama ilivyo. Msitu ulifyekwa, mahindi na tumbaku vikalimwa, shule zikajengwa, na makazi yakaacha kutegemea chakula cha msaada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa sababu ya kazi hiyo ya taifa. Aidha, mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi wale wa 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijathubutu kulifanya kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Lakini mlango huo huo ulipata kufungwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na Benaco, mahali palipokuwa pori, pakawa mji mkubwa pasipo maji wala vyoo vya kutosha. Mwezi wa Machi 1995 Serikali iliufunga mpaka na Burundi. Mwezi wa Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kuwa Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walipoanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari waliwageuza na kuwaelekeza mpakani. Karibu watu nusu milioni walivuka kurudi katika majuma machache.

Watetezi wa uamuzi ule husema kuwa kambini walikuwamo wauaji waliowashika wenzao mateka kwa vitisho, na hilo ni kweli. Wapinzani wake husema kuwa katika haraka ile haikuwezekana kumsikiliza mtu mmoja mmoja ili ajulikane ni nani angerudi kwenye amani na ni nani angerudi kwenye hatari, na hilo nalo ni kweli. Taifa linalodai wengine wakiri makosa yao ya zamani halina budi kuliweka jambo la Desemba 1996 mezani na kulijadili bila hasira. Haitoshi kuikumbuka nishani na kuisahau safari ile ya kurudi Rusumo.

Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zilijaa tena. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi kwa kuwachanganya na wenyeji, ikieleza kuwa fedha zilizoahidiwa hazikuja na kuwa mzigo usigeuzwe kuwa mkopo. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Ubishi wa leo juu ya kurudi kwa Warundi umetokana na hayo yote.

ULAYA MBELE YA KIOO

Na Ulaya, ambayo pande zote mbili za ubishi huitaja, imefanya nini na sehemu yake? Mwaka 2022 Ubelgiji ilitoa mfano ambao kila mwalimu wa historia angefaa kuwa nao. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeunda tume ya kuchunguza utawala wa Kibelgiji nchini Kongo, Rwanda na Burundi. Tume ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikasikiliza wataalamu na wananchi wengi. Mwezi wa Desemba 2022 ilivunjika bila mapatano, kwa kuwa vyama havikukubaliana juu ya kuomba radhi; baadhi ya wajumbe waliogopa kuwa neno la radhi lingefungua mlango wa madai ya fidia.

Katika mwaka huo huo, Warundi walikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotoa waombaji wengi wa hifadhi nchini Ubelgiji. Wengi walikuwa wamepitia Serbia, ambayo hadi Oktoba 2022 haikuwataka viza. Brussels watu walilala barabarani kwa kukosa nafasi katika vituo vya mapokezi, ingawa mahakama zilikuwa zimekwisha kuamua mara nyingi kuwa walistahili kupewa malazi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa wanaume wasio na familia hawatapokelewa kwa muda, na Baraza la Dola likausimamisha uamuzi huo. Hivyo basi, bungeni wazee walibishana kama Burundi iombwe radhi, na nje ya ofisi ya wakimbizi Mrundi alilala juu ya boksi. Mijadala hiyo miwili ilikwenda sambamba kama reli, bila kukutana.

Uingereza nayo ilipatana na Rwanda mwezi wa Aprili 2022 kuwapeleka huko watu waliofika kwake kuomba hifadhi, kwa malipo. Mahakama yake ya juu kabisa iliona mpango huo si halali mwaka 2023, na serikali mpya ikaufuta mwaka 2024. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi mno. Nchi ambayo mwaka 1919 ilikaa mezani kuigawa Afrika Mashariki ilitafuta, baada ya miaka mia moja, mahali pa Afrika pa kumwekea mtu aliyebisha hodi kwake.

Haki inataka lisemwe pia jambo la Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama mjini humo mbele ya wajukuu wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha kwa waliyotendewa babu zao na Wajerumani. Ni jambo la heshima, nalo lisibezwe. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na mabaki ya mashujaa yaliyopelekwa Ujerumani bado yanadaiwa na jamaa zao. Radhi ni ukurasa wa kwanza wa daftari. Zimebaki kurasa nyingi.

DAFTARI MBILI

Sasa shahidi amekwisha kusikilizwa. Anatuambia nini? Anatuambia kuwa ziko daftari mbili, na kuwa kosa la pande zote mbili za ubishi ni kuzichanganya.

Daftari ya kwanza ni ya madeni kati ya mataifa. Humo yameandikwa dhahabu ya Sekenke, mafuvu ya Songea, mpaka wa 1919 na vitambulisho vya kikabila. Mdaiwa ni Ujerumani, ni Ubelgiji, ni Uingereza, na anayedai ni taifa kupitia Serikali yake, wabunge wake, wanahistoria wake na mabalozi wake. Deni hilo halifutwi na msaada wa mahema na mahindi. Mtu aliyechukua ng'ombe wa jirani hawezi kumpelekea kibuyu cha maziwa akasema wamelipana.

Daftari ya pili ni ya wajibu kwa mtu aliyesimama mlangoni. Humo haliulizwi swali la nani aliuvuruga mji wake; huulizwa kama akirudi leo atauawa, atafungwa au atateswa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ambao Tanzania imo ndani yake, unasema kwa wazi kuwa mtu asirudishwe mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini, na kuwa kurudi kwa mkimbizi kuwe kwa hiari. Mkataba huo huo unaitambua hali ya nchi iliyolemewa: unaipa haki ya kuziita nchi nyingine ziushike mzigo pamoja nayo. Kwa hiyo jibu la mzigo mzito ni kuzidai serikali zilizoahidi na zisizotimiza. Mwanamke wa Ruyigi aliyebeba mtoto mgongoni hakuahidi fedha mkutanoni, na hawezi kutozwa ahadi ya mwingine.

Anayesema, "Wazungu ndio waliovuruga, basi Mrundi aondoke," anachukua hati ya madai iliyoandikwa kwa jina la Ubelgiji na kuipeleka kwa Mrundi, ambaye naye ni mdai. Kuna uonevu gani kupita huo, wa mdai kumkamata mdai mwenzake? Na anayesema, "Sote ni ndugu, basi asiulizwe mtu," anasahau wanakijiji wa Ngara waliopoteza misitu na usalama wao pasipo kuulizwa, na anasahau kuwa katika umati wa 1994 waliingia waliokuwa na damu mikononi. Undugu hauondoi haja ya kuhoji. Unautaka uhoji ufanywe kwa uangalifu zaidi, ili mwenye hatia asijifiche nyuma ya mwenye haki, na mwenye haki asifukuzwe kwa makosa ya mwenye hatia.

Daftari zikichanganywa, hasara huwaangukia wanyonge wa pande zote. Ulaya hufurahi, kwa maana hesabu ya ukoloni imegeuzwa kuwa ugomvi wa Waafrika wao kwa wao. Kijiji cha mpakani hakilipwi. Na mkimbizi hurudishwa, au hukaa kambini hadi anazeeka, bila mtu kumsikiliza.

KAZI YA MWALIMU NA YA MTUMISHI

Mambo haya yanawahusu hasa walimu na watumishi wa umma, kwa kuwa serikali humfikia mkimbizi, na historia humfikia mtoto, kupitia mikono yao.

Mtumishi wa umma akaaye mezani na faili la mwombaji ana kazi ngumu. Nyuma yake kuna maneno ya wakubwa na malalamiko ya wananchi. Mbele yake kuna mtu mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyochukua mahali pa ile ya 1965, inamtaka amtazame mtu huyo kwa mambo yaliyompata yeye. Akiandika maelezo kwa ukamilifu, akamwita mkalimani pale lugha inapopungua, akakataa kuweka alama ya "hiari" mahali ambapo hiari haikuwapo, atakuwa amelitumikia taifa hata kama hakuna atakayemtunuku nishani. Na pale mtu anapotaka mwenyewe kurudi kwao kwa sababu amani imerejea, asaidiwe upesi na kwa heshima, maana kurudi nyumbani ni haki sawa na kupewa hifadhi.

Mwalimu naye, hasa aliye karibu na Sekenke, ana kifaa cha kufundishia ambacho shule nyingi hazina. Anaweza kuwatoa wanafunzi darasani, akawaonyesha mlima ulikotoka dhahabu, akawaeleza habari za karakana ya Tabora, akachora ubaoni mpaka wa 1919, kisha akawaonyesha gari linaloteremka mlima na namba zake za Burundi. Wanafunzi wakiuliza, "Nani alipe?", awafundishe kuligawa swali kabla ya kulijibu: nani alipe dhahabu, nani alipe misitu ya Ngara, na nani amfungulie mtu mlango usiku wa leo. Mtoto aliyejifunza kutenganisha maswali hayo matatu hataweza kudanganywa kwa urahisi na mbunge wa Brussels wala na msemaji wa kijiweni.

Wachimbaji wadogo wangali wanatoboa mwamba wa Sekenke. Dhahabu iliyopigwa chapa ya tembo mwaka 1916 haitarudi kwa kumfukuza Mrundi, na haki ya kuidai haipotei kwa kumpokea. Taifa lenye akili hudai lake kwa sauti kubwa mbele ya aliyelichukua, na humsikiliza kwa makini aliyekuja mikono mitupu.